Nilisema redioni kwamba kuna watu ambao ukimwi hauwaingii

Wengi wenu munaijua sauti yangu kuliko sura yangu. Leo siandiki habari ya mkutano wala ya barabara. Naandika juu ya kosa nililolifanya mwenyewe redioni, na juu ya mama mmoja aliyekaribia kulilipa kosa hilo kwa afya yake. Ameniruhusu kusimulia, kwa sharti kwamba jina lake lisionekane, wala la kijiji chake. Nitamwita mama muuza makala, maana ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya nilipomkuta.

Ilikuwa tarehe 1 Desemba 2022, siku ya dunia ya kupambana na ukimwi, au sida kama tunavyosema huku. Pembeni mwa Goma palikuwa pamejaa watu waliokimbia vita vya Rutshuru na Nyiragongo. Nilikuwa nimepewa dakika tano za kipindi. Kila mwaka siku ile tunasema maneno yaleyale: pima, tumia kondomu, kunywa dawa. Nikajiambia, mwaka huu nitafute kitu kipya, watu wasizime redio. Nikasoma kwenye telefone habari za wanasayansi waliogundua kwamba watu hawafanani mbele ya kirusi hiki: kuna anayeambukizwa upesi, na kuna ambaye kirusi kinamgonga na kurudi. Nikatunga kichwa cha habari: “Kuna watu ambao ukimwi hauwaingii.” Nikaeleza kwa dakika mbili kwamba jambo hilo liko kwenye damu, mtu anazaliwa nalo. Nikapiga wimbo, kipindi kikaisha.

Simu zilikuwa nyingi siku ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Kila neno nililolisema lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini nilikuwa nimeacha nusu ya habari nje ya studio.

Mwezi wa pili 2023, siku ya posho, nilienda kambi ya Kanyaruchinya kutafuta habari ya maji. Wale waliofika pale wanajua: mawe ya volkano chini, vibanda vya shitingi vimebanana, na madumu ya njano yamepangwa mstari tangu alfajiri. Nilipokuwa narekodi, mama mmoja aliyekuwa anapima makala kwenye vikopo aliniangalia sana, kisha akauliza:

“Weye njo ule wa redio?”

“Ndiyo mama, njo miye.”

“Basi aksanti sana. Ulisemaka kama kuko batu benye sida haiwezi ingia. Miye niko mumoja wao.”

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alinivuta pembeni ya kibanda, akanisimulia.

Bwana yake alipimwa na kukutwa na virusi mwaka 2016. Yeye mwenyewe alipimwa mwaka ule ule: hakuna kitu. Akapimwa tena mara kadhaa, mara ya mwisho katikati ya mwaka 2022, kabla ya kukimbia: hakuna kitu. Wanalala kitanda kimoja miaka yote hiyo. Familia ya bwana ilianza kusema maneno. Walisema haiwezekani mume augue na mke abaki mzima, lazima mke ana kitu chake, yeye ndiye aliyemtupia mwenzake ugonjwa. Hata kanisani kuna waliokataa kukaa naye benchi moja. Miaka sita alikuwa anabeba jina la uchawi.

Sasa siku ile ya Desemba, kwenye redio ya jirani, anasikia mwandishi wa habari akisema kuna watu waliozaliwa na damu ambayo sida haiingii. Aliniambia alilia. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amempa sababu isiyokuwa uchawi.

Nikamuuliza, bwana anaendeleaje na dawa? Akajibu kama mtu anayejibu jambo dogo: “Dawa? Zilibakia kule. Tulikimbia na watoto na sufuria. Kadi nayo ilibakia.” Tangu mwezi wa kumi na moja bwana hajakunywa hata kidonge kimoja. Anaogopa kupanga mstari kwenye kituo cha afya cha kambi, watu wa kijiji kimoja wasimuone. Na kondomu? Akatikisa mkono. “Za nini tena? Shi niko na ile damu yenye ulisema.”

Wapenzi wasomaji, nilisikia baridi mwilini. Nilizima kinasa sauti. Habari ya maji niliisahau.

Nilienda moja kwa moja kumuona muuguzi mmoja ninayemfahamu, mzee aliyefanya kazi ya ukimwi miaka mingi. Nilimueleza yote bila kutaja mtu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu:

“Ndugu mwandishi, yule bwana alikuwa anakunywa dawa vizuri kabla ya vita?”

“Kila siku, anasema hakuruka.”

“Basi huenda kilichomlinda yule mama si damu yake. Ni vidonge vya bwana yake.”

Akaniketisha, akaanza kunifundisha kama mwanafunzi. Na baadaye nilisoma zaidi, safari hii hadi mwisho. Niwaeleze sasa kile nilichopaswa kuwaeleza siku ile.

Kirusi cha ukimwi hakiwezi kuishi peke yake. Lazima kiingie ndani ya chembe nyeupe za damu, wale askari wanaolinda mwili. Ili kiingie, kinahitaji vitu viwili kwenye ukuta wa chembe. Cha kwanza kinaitwa CD4, tuseme ni kitasa cha mlango. Cha pili, mara nyingi, kinaitwa CCR5, tuseme ni kufuli. Kirusi kinashika kitasa, kinafungua kufuli, kinaingia.

Umbo la kufuli hiyo limeandikwa kwenye jeni, yaani ule urithi tunaoupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mwaka 1996 wanasayansi waligundua kwamba watu wengine wamezaliwa na maandishi ya kufuli hiyo yaliyokatika: herufi 32 hazipo. Mtu akipokea maandishi hayo yaliyokatika kwa baba na kwa mama pia, chembe zake hazitoi kufuli hiyo kabisa. Kirusi kinashika kitasa, kinakosa pa kufungulia. Mtu huyo karibu haambukizwi. Nasema karibu, kwa sababu kuna aina za kirusi zinazotumia mlango mwingine unaoitwa CXCR4, na wachache wenye maandishi hayo yaliyokatika waliambukizwa kwa njia hiyo.

Jambo hilo ndilo lililomponya Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa anaishi Berlin. Alikuwa na virusi, kisha akapata kansa ya damu. Mwaka 2007 daktari wake, Gero Hütter, alimpandikizia uboho wa mtu aliyezaliwa bila ile kufuli. Virusi havikurudi tena, hata bila dawa. Alifariki mwaka 2020 kwa sababu kansa ilirudi, si kwa ukimwi. Lakini upandikizaji huo ni hatari sana, unaweza kuua. Unafanywa kwa mtu ambaye tayari ana kansa inayotaka kumuua, si kwa mwenye virusi anayeweza kukunywa kidonge.

Hii yote niliisema redioni, kwa haraka. Sasa nusu niliyoiacha ni hii: watu waliopokea maandishi yale yaliyokatika kwa wazazi wote wawili ni kama mmoja kati ya mia moja miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwetu Waafrika karibu hayapo kabisa. Nilikuwa nimesimama Goma, nikiwaambia watu wa Rutshuru na Masisi habari ya kufuli ya watu wa kaskazini ya Ulaya, bila kusema ni ya nani.

Je, sisi Waafrika hatuna chochote cha kuzaliwa nacho? Tunacho, lakini ni cha namna nyingine, na kina somo lake.

Nairobi, kwenye mtaa wa Majengo, tangu mwaka 1985 watafiti wa Kenya na wa Kanada, akiwemo daktari Frank Plummer, walifuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Wengi waliambukizwa. Lakini kulikuwa na wachache waliokaa miaka na miaka katika kazi ile, wakikutana na kirusi mara nyingi, bila kuambukizwa. Hawakuwa na kufuli iliyokatika. Watafiti waliona kwamba askari wa miili yao walikuwa wanakitambua kirusi mapema, na kwamba jambo hilo lilihusiana na jeni zinazoitwa HLA. Hizo HLA ni kama mikono inayoinua kipande cha adui juu, ili askari wakione na kukijua. Kila familia ina mikono yake. Mikono mingine inakionyesha kirusi vizuri, mingine vibaya.

Sasa sikiliza vizuri, mama muuza makala, na wewe uliye kama yeye. Baadhi ya wanawake wale wa Nairobi, waliokaa wazima miaka mingi, baadaye waliambukizwa. Na watafiti waliona kwamba jambo hilo liliwapata zaidi wale waliokuwa wameacha au wamepunguza kazi ile kwa muda. Ulinzi wao haukuwa ukuta wa mawe. Ulikuwa kama moto wa makala, unapungua, na siku moja unazimika bila mwenyewe kujua.

Kwetu Kongo pia kuna habari. Mwaka 2021 ilitangazwa kazi ya watafiti waliochunguza damu iliyokusanywa katika nchi yetu kati ya mwaka 1987 na 2019. Waliona kwamba kati ya watu wenye virusi, karibu watatu au wanne kwa mia moja miili yao inakibana kirusi chenyewe bila dawa, hadi kipimo cha wingi wa virusi kinashindwa kukiona. Mahali pengine duniani watu wa namna hiyo kwa kawaida ni wachache zaidi. Na mwaka 2023 watafiti wengine waliochunguza jeni za watu karibu 4,000 wenye asili ya Afrika wanaoishi na virusi waligundua kwamba jeni moja inayoitwa CHD1L ina umbo fulani linalopunguza wingi wa virusi mwilini. Umbo hilo linapatikana kwa watu wenye asili ya Afrika.

Lakini hapa musinielewe vibaya kwa mara ya pili. Watu hao wameambukizwa. Kirusi kimo ndani, kimebanwa tu, na wao pia wanashauriwa kukunywa dawa. Tena hakuna anayeweza kujijua kwa kujiangalia kwenye kioo, wala kwa kundi la damu. Nimesikia wengi wakisema mwenye damu O haambukizwi. Si kweli. Kundi la damu ni jambo lingine, na hakuna kundi linalokinga.

Sasa turudi kwa mama. Kwa nini watu wawili wanalala pamoja, mmoja ana virusi na mwingine hana? Yule mzee muuguzi alinihesabia sababu kwenye vidole. Ya kwanza, kirusi hakiambukizi kila mara watu wanapokutana; kuna bahati, na bahati ina mwisho. Ya pili, kama hakuna kidonda wala ugonjwa mwingine wa zinaa, mlango unakuwa mwembamba. Ya tatu, labda jeni, kwa wachache. Na ya nne, iliyo kubwa kupita zote: mwenye virusi akikunywa dawa kila siku hadi kipimo kisivione tena, hawezi kumuambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Hilo limethibitishwa kwa kufuatilia maelfu ya wanandoa.

Miaka sita yule bwana alikuwa anamlinda mke wake kila asubuhi kwa kidonge kimoja, na familia yake inamuita mke mchawi. Kisha vita vikaja, vidonge vikabaki kijijini. Dawa ikikatika, virusi vinaamka ndani ya majuma machache. Kwa hiyo siku ile mimi naongea redioni kwa sauti nzuri, ulinzi wa mama ulikuwa umeshaondoka, na mimi nilimpa sababu ya kuacha ule wa mwisho uliobaki, kondomu.

Nilirudi Kanyaruchinya siku ya pili yake. Sijawahi kuogopa mahojiano kama yale. Nilimkuta mama, bwana yake pia alikuwepo, mtu mrefu, mpole, amekaa juu ya dumu. Nilisalimia, nikaomba niketi. Nikasema: “Mama, nilikudanganya. Sikukusudia, lakini habari niliyoitoa haikuwa kamili.” Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, polepole.

Mama alikasirika. Alisema: “Basi munasemaka tu kwenye redio, na batu banaamini.” Sikuwa na jibu. Alikuwa na haki.

Bwana alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: “Unasema njo miye nilikuwa namulinda?”

“Ndiyo papa. Kwa dawa zako.”

Akamuangalia mke wake. Sitaandika alichomwambia, maana alikisema kwa lugha yao, wala hakikuwa changu. Naweza kusema tu kwamba kesho yake alikubali kwenda kwenye kituo cha afya, na mke akamsindikiza. Muuguzi aliyewapokea hakudai kadi ya zamani. Aliandika upya, akapima upya, akampa dawa bure. Mama naye alipimwa: hakuna kitu. Lakini walimueleza kwamba jibu hilo ni la miezi iliyopita, si la juzi. Inabidi kondomu, na kipimo kingine baada ya miezi mitatu.

Redioni niliomba nirudishiwe dakika tano. Haikuwa rahisi, mkubwa mmoja aliniambia kwamba hakuna msikilizaji anayekumbuka habari ya miezi mitatu iliyopita. Nikamwambia kuna mmoja ninayemjua. Nilitoa masahihisho. Simu zilikuwa tatu tu siku ile. Moja ilikuwa ya mwanaume aliyeuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliyepoteza kadi anaweza kupata dawa kambi ya Bulengo. Nikamjibu ndiyo. Simu ile moja kwangu ilipita zile nyingi za Desemba.

Januari 2025 vita vilifika Goma mjini, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji ziliondolewa. Watu walibeba shitingi kichwani na kutawanyika. Nilipoteza habari za mama muuza makala. Kisha miezi kadhaa baadaye, namba nisiyoijua ilinipigia. Ilikuwa sauti yake. Wamerudi kwao, nyumba haina mlango, shamba limeota majani. Aliniuliza habari ya watoto wangu, nikamuuliza za wake. Sikuthubutu kumuuliza majibu ya kipimo, na yeye hakunieleza. Mwishoni alisema tu: “Safari hii dawa tulizibeba ya kwanza. Nilizifungia pamoja na karte ya uchaguzi.” Kisha akasema: sasa ukitaka, andika.

Ndiyo maana nimeandika. Na kwa ninyi mulio njiani, au munaojiandaa kwa njia, naomba mukumbuke haya.

Dawa za ukimwi na kadi viwekwe pamoja na karatasi muhimu, pale mkono unapofika usiku. Dawa zikikatika, nenda kituo cha afya chochote kilicho karibu, hata bila kadi, na useme ulikuwa unakunywa nini. Kama umebakwa, au umekutana na hatari nyingine ya kuambukizwa, kuna dawa za kuzuia virusi visishike, lakini lazima zianze ndani ya masaa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kama bwana ana virusi na bibi hana, au bibi anavyo na bwana hana, huo si uchawi na si ushahidi wa uzinzi. Mutembee pamoja hadi kwenye kipimo. Na ukisikia mwandishi wa habari, hata kama ni mimi, anakuambia kwamba kuna watu ambao ugonjwa fulani hauwaingii, muulize: ni watu gani, wako wapi, na mimi nimejuaje kama niko mmoja wao?

Namba ya kipindi ni ileile. Munipigie.